Praxeda Rafaeli Hosea na Tope la Majimoto

Wapendwa mliofika hapa Mabawa leo, tarehe 9 Juni 2025, kwa niaba ya familia tunawaomba utulivu kidogo tuwasimulie maisha ya dada yetu, na mtuwie radhi tukicheka mahali, maana yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kununa.

Praxeda alizaliwa tarehe 21 Julai 1970, sikukuu ya mtakatifu aliyempa jina, katika kambi ya shamba la mkonge Ngomeni, wilaya ya Muheza, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Rafaeli Hosea, mkata mkonge aliyetoka Kigoma, na mama yetu Anastazia, ambaye yuko nasi hapa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ngomeni tangu 1978 hadi 1984, na walimu walimlalamikia kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa anaota mchana kweupe, macho yakiwa dirishani, kwenye makapi ya mkonge yaliyorundikana nyuma ya mashine, mabichi, yakifuka mvuke wa asubuhi, na alipoulizwa anaangalia nini alijibu kwamba anawasikiliza wanaokula mle ndani. Alichapwa kwa jibu hilo, lakini hakulibadilisha. Akaendelea na sekondari jijini Tanga, 1985 hadi 1988, kisha akasomea ufundi wa maabara Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1992.

Tarehe 1 Machi 1993 aliajiriwa katika maabara moja ya utafiti hapa Tanga, na huko ndiko alikofanya kazi miaka yote, kazi ambayo wengi wenu mmekuwa mkituuliza ilikuwa ya nini hasa. Katika jani la mkonge tunachukua nyuzi kidogo tu, sehemu kubwa iliyobaki inatupwa, na dada aliamini kwamba kile kinachotupwa kinaweza kuendesha injini. Aliwatafuta bakteria wanaopenda joto kwenye majimoto ya Amboni, kwa sababu wadudu hao wadogo hutoa vimeng'enya vinavyokatakata makapi yakawa sukari, na hata pipa likipashwa moto mkali vimeng'enya hivyo haviharibiki, kisha sukari huchachushwa kwa hamira na kukenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, ikatoka spiriti. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka mayai viza, amechoka, anatabasamu, na usiku anaota ameketi ndani ya mvuke na watu wasioonekana wanamkaribisha chakula.

Tarehe 16 Septemba 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu Godlisten, fundi wa jenereta pale Usagara, wakajaliwa watoto wawili, Brightness mwaka 1997 na Manase mwaka 2001.

Hapa hatuna budi kusema lililotokea Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, na shemeji ametupa ruhusa. Umeme ulikatika maabara, dada akawaleta bakteria wake nyumbani ndani ya chupa mbili za chai ili wasipoe, na jioni hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwao, chupa za majirani zimejaa mezani, basi shemeji, mume mwema anayesaidia jikoni, akafungua mbili zilizonuka, akaguna kwamba chai imeharibika, akamwaga, akazisuuza kwa sabuni mpaka zikang'aa. Kazi ya miezi kumi na moja ikaenda na maji ya mfereji. Dada hakufoka, alikaa kizingitini siku nne bila kusema naye, na sisi tuliomjua tuliogopa zaidi ya kama angefoka.

Siku ya tano shemeji alikwenda Amboni peke yake, na kwa kuwa hakujua tope lenye bakteria huchotwa wapi, akachota pembeni, kwenye majani ya mkonge yaliyoozea ndani ya maji ya moto, mahali ambapo wataalamu walipaita uchafu, akaja akalitua miguuni pake akisema, "Mama Brightness, nimekuletea wengine, sijui kama ndio hao." Hawakuwa hao. Walikuwa walafi mara tatu kuliko wale wa kwanza, na ndio walioufikisha utafiti ulipofika.

Mwezi Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Dar es Salaam na baadaye hapa Tanga, na muda wote huo aliomba jambo moja tu, asikie injini moja ikiunguruma kwa spiriti ya makapi kabla ya kufa. Jumatano iliyopita lita kumi na mbili zilikuwa tayari, shemeji amesharekebisha kabureta, jenereta liko chini ya dirisha lake, akatuzuia. Alisema bado ina maji, iwekewe chokaa iyanyonye, tusimdanganye kwa kitu kibovu, tuwashe Jumatatu. Tulimsihi sana. Tulilia. Alikataa. Akafariki Ijumaa tarehe 6 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, wanajumuiya, majirani wa Mabawa, na Bwana Hasnain wa Raskazone aliyetuazima vipaza sauti hivi.

Mtaa huu hauna umeme tangu saa moja asubuhi, na baadhi yenu mmeuliza sauti hii inatoka wapi. Leo ni Jumatatu. Shemeji Godlisten yuko nyuma ya nyumba, hakutaka kukaa mbele na wafiwa, ameshika mkono wa jenereta kana kwamba litakimbia, na kila neno mlilosikia tangu tulipoanza limebebwa na makapi ya mkonge.

Haina maji tena, dada. Pumzika kwa amani.