Kadi ya Salamu Ndani ya Santuri

Ndugu waombolezaji, majirani, na wafanyakazi wenzake marehemu, nimesimama mbele yenu kwa niaba ya familia, nikiwa mdogo wake wa mwisho, kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Sindano, na mtanivumilia nikikwama, maana yamo humu mambo ambayo hata mimi niliyeyaandika siyaelewi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, akifuatiwa na dada yetu, kisha mimi kitinda mimba. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, na sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, ambako hesabu zilimpiga chenga, lakini nyimbo za pop na roki alizishika zote, pamoja na vikohozi vya waimbaji.

Tarehe 1 Julai 1971 aliajiriwa na kituo cha redio kama msaidizi katika maktaba ya santuri, na baada ya miaka miwili akakabidhiwa kipindi cha salamu cha Jumapili saa tisa alasiri, ambacho wasikilizaji walikiandikia kadi, wakitaja wimbo wanaoutaka na watu wa kuwasalimia. Jina la Sindano alilipata hapo, kwa sababu aliweza kuiteremsha sindano ya gramafoni penye mwanzo wa wimbo bila kutazama.

Mwaka 1975 dada yetu alitoroka na mpiga gitaa mmoja, kaka akaapa kutomtaja tena. Mama hakuapa. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, kwa hiyo kila Jumapili alivuta kigoda, akalisogeza la kulia kwenye redio, akingoja habari za binti yake katika salamu, na alingoja hivyo hadi alipofariki tarehe 22 Novemba 1988.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto wawili, na shemeji yangu aliyeketi hapa ni shahidi kwamba alizishika santuri kwa upole zaidi kuliko alivyoshika vikombe vya nyumbani. Alistaafu mwaka 2011, lakini kituo kikamwita tena, apige zilipendwa Jumapili.

Tarehe 3 Februari mwaka huu wa 2019, akiandaa kipindi, alichomoa santuri moja ya roki ambayo hakuwa ameigusa tangu ujana wake, ikaanguka kadi aliyoificha humo kwa mkono wake mwenyewe tarehe 8 Agosti 1976. Ilitoka kwa dada yetu, akimsalimia mama, akisema yu salama, na kwamba akijibiwa redioni atarudi nyumbani. Kaka aliisoma hewani siku hiyo hiyo, kana kwamba imeletwa asubuhi, akapiga wimbo ulioombwa.

Alhamisi ikaja kadi kituoni, imeandikwa: "Sikusikia vizuri. Rudia." Mwandiko ulikuwa wa dada, ambaye ndiye aliyekuwa akimwandikia mama barua zake, kwa kuwa mama hakujua kuandika, na chini palikuwa na alama ya dole gumba la mama, lenye kovu la kisu lililolikata katikati. Ndivyo tulivyojua dada yetu aliko: kule kule aliko mama.

Kaka alirudia Jumapili iliyofuata, kadi ikaja tena na maneno yale yale, akarudia, ikaja, na fundi mitambo wake anasema alikuwa akipaza sauti hadi kioo cha studio kikatetemeka. Mimi ndiye niliyemwambia, tena kwa hasira, kwamba mama haombi sauti, anaomba yaliyobaki. Jumapili tarehe 14 Aprili aliuzima muziki, akasema: "Mama, kadi hii niliificha mimi. Nilikuwa na hasira, nikakuacha unangoja." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kaka alijiumbua mwenyewe akiwa hai, watu wote wakisikia, na mimi ninajivunia hilo.

Jioni ile alilalamika maumivu ya kifua, akalazwa Jumatatu, na akafariki Jumanne tarehe 16 Aprili, saa tisa alasiri, akiacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wenzake wa kituoni, hasa fundi mitambo, aliyetuletea jana kadi ya mwisho. Ina neno moja: "Nimesikia." Chini yake lipo dole gumba la mama, na kando yake jingine, kubwa zaidi, wino wake ukiwa bado mbichi. Hatukulitambua, hadi ndugu waliomwosha marehemu walipotuambia kwamba dole gumba lake la kulia lilikuwa na wino, wakalisugua kwa sabuni mara mbili, usitoke.

Santuri ile tumemlaza nayo. Kaka, pumzika kwa amani, na safari hii salamu uzifikishe zote.