Msafara Wangu Ulivyokwama Tabora

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe asubuhi na jioni!

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye Baba Neema wa Cheyo, hapa hapa Tabora, mwenye nyumba ya bati la bluu. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kutoa asali Ipole kwa baiskeli, mchanga wa Sikonge ukimeza matairi, na leo nina lori. Sikusaidiwa na mtu. Sisemi kwa kujisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Sasa mtu kama mimi akisema ataandika kitabu, ataandika. Binti yangu Neema alikuwa anakwenda shule ya bweni Januari, mbali, na alianza kulilia nyumbani kabla hajaondoka. Nikamwambia, utabeba kitabu cha baba yako sandukuni, kizima, na ukikumbuka kwetu utasoma. Neno hilo nikalirudia kanisani mbele yenu, mkapiga makofi.

Hadithi ni ya Kalunde, msichana anayebeba mzinga wa nyuki wanaotengeneza nuru badala ya asali. Anautoa Ujiji kuupeleka pwani, ambako jua limeacha kuchomoza. Anafuatana na watoto wapagazi, Wanyamwezi kama sisi, na kirangozi wao, yule anayetangulia msafara, ni fisi mwenye adabu sana. Nusu ya kwanza ilitoka kama maji!

Wakafika Tabora. Hapo ikafa.

Nikawaletea joka la vichwa saba liwafukuze. Likafa lenyewe, wao wamekaa tu. Nikaleta mvua ya mawe. Nikaleta hadi malaika mwenye mjeledi, Mungu anisamehe. Wapi! Mama Neema akipita na ungo wake ananiuliza, "Mwandishi, hao wageni wako wamehamia hapa? Niwapikie na wao?" Nyumba nzima inacheka. Mimi sikucheka. Sanduku la bati lilikuwa limeshanunuliwa, liko sebuleni, tupu.

Niliomba, ndugu zangu. Nilifunga. Lakini kila siku niliomba vilevile: Bwana, nipe nguvu nimalize. Na nguvu nilikuwa nazo! Hazijawahi kunipungukia. Jumapili moja baada ya ibada nikapiga magoti chumbani, nikasema neno ambalo halijawahi kutoka kinywani mwangu: Nimeshindwa, nisaidie. Basi. Sikusikia sauti, sikuona maono.

Nikatoka nikaenda sebuleni, nikampa Neema zile kurasa, ambazo nilikuwa namficha. Akasoma hadi pale zilipoishia.

"Baba, hawa wapagazi si wa huku huku?"

"Wa huku."

"Sasa wamefika kwao, mbona hawaendi kusalimia? Hawana mama?"

"Wakienda hawatarudi. Kazi itaharibika."

"Mimi ningegoma," akasema. "Siwezi kuondoka bila kuaga." Kisha, kwa sauti ndogo, "Hata bibi wa Ipole sijamuaga. Ulisema mpaka umalize kitabu."

Ndugu zangu! Nani hapa Tabora hajui habari za misafara ya zamani? Ikifika hapa, wapagazi walitua mizigo wakaenda makwao, na tajiri, hata awe nani, alisubiri. Babu zangu walikuwa wapagazi. Mimi nikataka kuwaswaga kama ng'ombe wa mnadani!

Kesho yake tukaenda Ipole. Mama yangu alikuwa uani.

"Wangaluka, mjukuu wangu! Na huyu dereva wako ni nani? Sura kama naifahamu."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kumbe anaongea."

Akammiminia Neema asali kiganjani, kama anavyofanya kwa kila anayesafiri, akamwombea huku mtoto analamba na kulia. Alipomaliza kulamba, kilio kilikuwa kimekwisha. "Haya, nenda sasa," bibi akasema.

Tuliporudi niliwaruhusu wapagazi wangu. Wakatawanyika. Kalunde akabaki na mzinga na fisi, hajui nani atarudi, na mimi mwandishi sikujua! Wengine hawakurudi kweli, nikawaacha. Waliorudi walikuja na asali ya kwao viganjani, wakawalisha wale nyuki, nuru ikaongezeka. Msafara ukaondoka wenyewe. Nilikuwa naukimbiza kwa kalamu mpaka baharini.

Januari, stendi, konda akanyanyua sanduku la Neema akaguna. "Mzee, umeweka mawe humu?"

"Kitabu," nikamjibu. "Nimekiandika mwenyewe." Neema akanitazama. Nikasema tena, konda asikie vizuri: "Nimesaidiwa."

Namshukuru Mungu, naye anajua mimi si mtu wa kushukuru ovyo. Na wewe uliyekwama katikati ya kujenga nyumba, ya shamba, ya ndoa, mtumaini huyu Bwana. Usimwombe nguvu. Mwambie umeshindwa, kisha toka uende sebuleni ukamsikilize atakayekuuliza swali.