Mzee Feliksi na Folda Yake ya Pembeni

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mzee Feliksi Barutwanayo anastaafu tarehe 30 Juni 2025 kutoka Kiwanda cha Uchapaji Mgebuka, Ujiji. Mimi, Martini wa chumba cha michoro, nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu nimetembea: Bujumbura, Kalemie, Mpulungu. Darasa langu la saba halijanizuia popote.

Alianza kama mfunga vitabu. Kompyuta zenye mfumo wa Linux zilipoletwa alijifundisha mwenyewe, na programu ya kuchorea hakutaka iliyokwisha kupikwa. Alishusha mtandaoni msimbo wake mbichi, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, akaijenga mwenyewe, mashine ikinguruma kwa saa tatu. Umeme ukikatika, anaanza upya bila kununa.

Ila sifa yake kubwa ilikuwa kujua pa kuiweka. Kila alichojenga alikipa folda yake ndani ya /opt, sehemu ya pembeni ya kompyuta, mbali na /usr ambako mfumo huweka vyake, kisha akaandika mahali hapo kwenye daftari lenye jalada la kitenge. "Martini, mgeni halali kitanda cha mwenye nyumba," alinionya. Nilimwambia huo ni uzee.

Mwaka juzi nikajenga toleo jipya, nikalimwaga ndani ya /usr, juu ya lile la mfumo, na nikajitangaza fundi mpaka mtaa wa Gungu. Wiki hiyohiyo mfumo ukajisasisha, ukafuta nusu ya vitu vyangu. Programu ikagoma, siku ya lebo za kahawa ya Kalinzi, gari likiondoka saa nane mchana! Na meneja wetu, Bi. Verediana, alishaniapia: kosa jingine moja, nikauze dagaa.

Saa sita Mzee akafungua daftari, akaliita toleo lake la zamani kutoka /opt. Likafunguka kama halijasikia msiba. Lebo zikawahi gari. Bi. Verediana alipouliza kilichochelewesha, Mzee akajibu, "Mashine ilikuwa inapumua, mama." Mpaka leo nakula ugali kwa sentensi hiyo.

Sasa binti yake, Ella, amemwandalia chumba nyumbani kwake Gungu. Mzee amekataa kwa upole. Ella akaja kutulalamikia ofisini, nami nikamwonyesha daftari ambalo baba yake ametuachia. Chini kabisa, baada ya folda zote, ameandika: "Feliksi: Mwandiga, vyumba viwili, mlango wake mwenyewe." Ella akacheka mpaka akafuta macho.

Asante, Mzee wetu. Kaa kwa amani huko Mwandiga. Pa kukupata tunapajua.