Gunia Moja, Mishahara Miwili

Kina mama, mtanivumilia niseme nikiwa nimeketi. Si magoti peke yake, ni woga. Naogopa kusimama mbele ya watu, na leo huo woga ndio nimekuja kuwaeleza. Katibu, andika vile nasema, usinipambe. Najua kanuni ya kikundi chetu, hatutaji mtu. Kwangu hiyo ni kazi ngumu, maana kichwa changu kikishika jina hakiliachi. Lakini nitajaribu.

Mzee wangu alipofariki aliniacha na wajukuu watatu na chumba cha kupanga hapa Langas. Nikapata kibarua kwa kiwanda kimoja cha unga. Kazi ilikuwa hivi: mmoja anashika gunia chini ya mdomo wa mashine, mwingine analishona, halafu wanalibeba wawili mpaka kwa rundo. Kilo hamsini, kutwa nzima. Tulipangwa kwa meza, wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Yeye ameshika masikio ya gunia huku, mimi nimeshika masikio ya kule. Mwenzangu alikuwa baba wa watoto wanne, mcheshi. Ananiambia, "Mama, ukichoka sema, tujifanye tunahesabu magunia."

Siku moja ya mshahara simu yake ilikuwa imepasuka kioo. Akampa dada mmoja wa meza yetu, aliyesoma kidogo kutuzidi, amsomee ujumbe wa pesa. Dada akasoma. Akasoma tena. Kumbe yule baba alikuwa anapata mia sita kwa siku. Sisi wanawake tulikuwa tunapata mia nne.

Yule baba akaniangalia. "Mama, haki ya Mungu, mimi nilidhani tuko sawa."

Dada akaenda kwa supavaisa moja kwa moja kumuuliza sababu. Sisi tukamfuata, lakini tukasimama mbali, kama kuku wanaoona mwewe.

"Hao ni wanaume," supavaisa akasema. "Wana familia."

"Na mimi je? Hawa wangu nyumbani ni paka?" dada akamuuliza.

Watu wakacheka, hata supavaisa akacheka. Lakini dada hakucheka. Kesho yake alienda mjini kwa afisa wa leba, yule wa serikali anayesikiliza mambo ya wafanyakazi. Akaambiwa sheria iko wazi: kazi ya thamani moja, mshahara mmoja, mwanamume ama mwanamke. Akarudi akituambia hayo huku macho yanawaka. Mimi, ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilitamani asirudi. Niliona tu kodi ya nyumba. Niliona wajukuu wakirudishwa kutoka shule.

Ndipo tukaanza kuitwa ofisini, mmoja mmoja.

Nilipoingia supavaisa alifunga mlango. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilinitisha zaidi. Akanipa kiti. Akaniuliza, "Mama, uko na yeye ama uko na sisi?"

Nikasema, "Mimi sijasikia maneno yake."

"Amesema mlikubaliana wote."

"Anadanganya," nikasema.

Hivyo ndivyo nilisema. Nimewaeleza mapema ili msinihurumie bure.

Kisha akaleta karatasi na kile kisahani cha wino. Uwanja wetu wa kupakia ukinyesha unakuwa matope matupu, na kila mwaka tulikuwa tunaweka kidole kwa karatasi ndipo tupewe gambuti mpya, vile viatu virefu vya mpira. Akasema, "Weka kidole hapa, za mwaka huu zimefika." Nikaweka. Wanawake wote wasiojua kusoma tuliweka. Tukapewa gambuti kweli, nyeusi, zinang'aa.

Wiki hiyo dada akafukuzwa. Tukakutana barabarani, mimi nimevaa zile gambuti.

"Mama, ulisema nadanganya?"

Niliangalia chini. Kisha akasema tu, "Haya, nimesikia," akaenda zake. Angenitusi ningepona haraka.

Kuanzia hapo sikula vizuri. Nikiona supavaisa anakuja gunia linaniponyoka. Nikiona dada akiuza sukuma wiki kando ya barabara, napita njia ya nyuma. Niliogopa wenye nguvu, na nikaogopa niliyemkosea. Mtu akiishi hivyo anakauka.

Sasa nafasi ya dada kiwandani ilipewa msichana mgeni, mwenye mdomo mwepesi. Siku ya pili tu akaniuliza, "Shosho, nyanya yangu, kwani nyinyi ndio mlisaini mnataka kazi nyepesi na mshahara mdogo? Mimi nimeonyeshwa hiyo karatasi, nikaambiwa kina mama wa hapa wameridhika."

"Karatasi gani?"

"Ya vidole vidole vingi."

Niliketi juu ya gunia. Nilikuwa nimeuza watu kwa mara ya pili, na safari hii bila kujua. Jioni sikupita njia ya nyuma. Nilienda pale kwa sukuma wiki, nikasimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nilikusingizia," nikamwambia. "Na nimeweka kidole mahali sijui."

Alifunga fungu la mboga, akampa mteja, ndipo akaniangalia. "Nimewashtaki, kesi iko kortini. Utakuja useme hivyo mbele ya jaji?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikatapika.

Kiwandani waliposikia, waliacha kuniita kazini. Hakuna barua, hakuna neno, jina langu tu halikusomwa getini. Nikaanza kuchoma mahindi. Kwa hivyo siku ya korti sikuwa na kazi ya kupoteza, lakini woga haujui hesabu hiyo. Nilipoitwa nilishika ile mbao ya kizimba na kucha. Wakili wa kiwanda akanyanyua karatasi.

"Mama, hiki kidole ni chako?"

"Ni changu."

"Hapa umesema wanawake wanafagia na kushona tu, na umeridhika na mshahara. Ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa?"

Nilijikojolea kidogo, kina mama, chekeni tu. Nikasema, "Mimi nilidhani ni ya gambuti." Watu wakacheka. Jaji, mama mwenye miwani, akawanyamazisha. Wakili wa dada akaniuliza pole pole, "Wewe ulibeba magunia na nani?"

Hapo, ndugu zangu, kitu kikafunguka. Nikamtaja yule baba. Nikataja meza ya pili nani na nani, meza ya tatu nani na nani. Nani alipata mimba akapumzika, nani akashika upande wake wa gunia. Nani aliumia kidole Jumanne, nani akaletwa badala yake Jumatano. Wakili wa kiwanda akaruka: "Mheshimiwa, huyu amekaririshwa!"

Jaji akaniuliza, "Mama, haya umeyaandika mahali?"

"Mheshimiwa, mimi sijui kuandika. Nikisahau jina, hakuna mahali nitaenda kulitafuta."

Jaji akaagiza kitabu cha supavaisa kiletwe, kile cha kupanga watu wa kila meza. Kikafunguliwa. Jina kwa jina, mwanamume huku, mwanamke kule, gunia moja. Na mimi bado nilikuwa natetemeka, nataka mjue hivyo. Sikugeuka simba. Nilitetemeka mpaka jina la mwisho.

Hukumu ilikawia, lakini ilikuja. Jaji alisema kazi ilikuwa moja, na mshahara ulifaa kuwa mmoja. Wanawake wakalipwa walichopunjwa. Dada akalipwa pia fidia ya kufukuzwa. Mimi kiwandani sikurudi, na mahindi bado nachoma.

Namshukuru afisa wa leba ambaye hakumcheka mwanamke mwenye unga kwa nywele. Namshukuru yule baba wa watoto wanne, aliyekuja kutoa ushahidi akijua angeweza kufutwa. Jirani zangu mliolisha wajukuu wangu siku za korti, Mungu awaone. Na dada, aliyenisamehe kabla sijajisamehe mimi.

Funzo langu ni dogo. Usiweke kidole kwa karatasi usiyosomewa na mtu asiye na faida nayo. Na usingoje woga uishe ndipo useme ukweli. Mimi nina miaka hii yote na wangu haujaisha.

Kati yetu hapa kuna msichana anayefanya kazi hoteli mjini. Amepunguziwa mshahara kwa sababu ana mimba. Sitamtaja, ameshainamisha kichwa. Jumatatu anaenda kwa afisa wa leba na anaogopa sana. Mimi nitaenda naye, na mimi pia naogopa. Tuko wawili. Nani mwingine anakuja?