Simu ya Mutahi Haikulia

Mwaka wa tisini na tisa simu ya mkono Nyeri ilikuwa kitu cha wakubwa, na netiwaki yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kwetu Majengo ilishika mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo kando ya benchi letu, pale kwa Rashid wa kahawa. Ndiyo sababu sisi wa benchi tuliujua ugonjwa wa Mutahi kabla ya mama yake. Mutahi alikuwa kijana wa Gatimu, yule fundi viatu mwenzetu wa benchi. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, naye akarudi nyumbani na simu aliyopewa na mjomba wake wa Nairobi.

Zamani akija likizo alikaa nasi, akatuchapa drafti, akatuchekesha na vituko vya chuo. Safari hii alipanda jiwe asubuhi, akaikodolea simu mpaka jua likazama. Ukimsalimia anasema “sawa” hata kabla hujamaliza. Chakula alichotumiwa na mama yake kilipoa kando yake. Alikonda, macho yakawa mekundu. Na simu yenyewe hatukuwahi kuisikia ikilia.

Gatimu hakusema mengi. Alikunywa kahawa akiutazama mgongo wa mwanawe. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba muhula mzima alikuwa amemngoja kijana huyo waongee.

Waliosema ni wengine. Asubuhi moja Muchangi, tunayemwita Bunge kwa sababu hakuna hoja inayopita bila yeye kuichangia, alianza:

— Hiyo simu inakula damu ya mtu. Ati mnafikiri betri inajazwa na nini?

— Na stima, akajibu Kaburu.

Kaburu tunamwita Waya. Alistaafu baada ya kupanda nguzo za simu kutoka Sagana hadi Meru, na jambo lolote kwake huanzia kwenye nguzo.

— Simu haiwezi kukaa bila nguzo, akaendelea. Hii haina waya, kwa hivyo imejitafutia nguzo. Imepata huyo kijana.

Bunge hakukubali. Alisema ni serikali inawasikiliza wanafunzi kupitia masikio ya Mutahi, na wahenga walishasema mwenda pole hajikwai, ona sasa kijana hata haendi. Kufikia kikombe cha pili alikuwa ametabiri kwamba vijana wa chuo wataoa simu, simu zizae vijisimu, na wazee tudaiwe mahari na watu wa posta. Tulicheka sote isipokuwa Gatimu.

Hapo ndipo Jannat alipofika na mfuko wake begani. Ni mpwa wa Rashid, na ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kutoka Isiolo. Alimwona kijana juu ya jiwe, akauliza ana nini. Tukamweleza yote, damu, nguzo na serikali. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Lakini anangoja nani?

Waya aliangalia juu kana kwamba jibu liko kwenye nguzo. Siku zote hizo hakuna aliyekuwa ameuliza, hata baba mtu.

Gatimu aliweka kikombe chini, akaenda kusimama kando ya jiwe.

— Mutahi, unangoja nani?

Kijana aliishusha simu magotini.

— Karwitha, baba. Tunasoma naye. Siku tulifukuzwa aliniambia atapiga.

— Kwao ni wapi?

— Timau.

— Timau? akasema Jannat. Nimepita hapo leo asubuhi.

Gatimu alimwambia mwanawe aende. Mutahi aliishika simu kwa mikono miwili.

— Na akipiga nikiwa njiani, baba?

— Apige tu, wewe ukiwa unabisha hodi kwao.

Kesho yake akaenda. Aliporudi, uso ulikuwa umechomwa na jua, mikono imetoka malengelenge. Aliketi kati ya baba yake na Bunge, akatueleza. Baada ya Nanyuki netiwaki ilikatika, akajisikia kama mtu aliyesahau mkono nyumbani. Halafu akaanza kuona mashamba ya ngano. Alimkuta Karwitha akivuna na watu wa kwao. Karatasi aliyomwandikia namba ya simu ilikuwa imefuliwa ndani ya sketi, na kule simu ya kibanda iliharibika tangu mvua. Karwitha hakumkumbatia. Alimpa gunia la kubeba, na jioni, walipokuwa wanaosha mikono, akamwambia:

— Wewe ulikuwa unaangalia simu. Mimi nilikuwa naangalia barabara.

Waya aliuliza kuhusu ng'ombe wao, Bunge akauliza kama baba wa msichana ni mkali. Mutahi akajibu yote, akirudi nyuma, akirukia mbele, akicheka. Rashid aliinamisha birika, halikutoa hata tone. Kwa kawaida hapo ndipo tunapoinuka. Gatimu alivuta miguu yake chini ya benchi, akajiegemeza ukutani, na kijana akaendelea kuongea.