Vidonge Nilivyovimwaga Rongo

Ndugu zangu, leo sina ushuhuda mtamu. Nina hasira, na mwenyekiti wa kikundi chetu ameniruhusu kusimama nayo hapa mbele.

Mnanijua, situlii mahali. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Macalder kuchimba dhahabu, na hata leo nikisikia nyundo ikigonga jiwe moyo unanirudisha kule. Mchana tulichimba, jioni tulizunguka chungu cha pombe ya busaa, kila mtu na mrija wake. Busaa ikiisha, tunahamia chang'aa, ile kali. Miaka kumi na mitano hivyo.

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, nikiwa kando ya shimo, nilitapika damu. Si damu ya kutema, jamani. Karai lilijaa. Wenzangu wakasema, "Omera, umerogwa. Kuna mtu anataka shimo lako." Dada yangu hakungoja mganga. Alinipeleka hospitali nikaongezwa damu, kisha nikapelekwa hospitali ya misheni, mbali, nikamezeshwa mpira mrefu wa kutazamia ndani, na daktari akaichoma sindano mishipa iliyopasuka kooni.

Niliporudi, sista wa kliniki ya Homa Bay alinieleza. "Ini lako limekuwa gumu. Damu ikikosa njia ya kupita humo, inajaza mishipa midogo ya koo la chakula mpaka inapasuka. Ini hilo halitakuwa jipya. Kazi yetu ni kuzuia damu isitoke tena." Akanipa vidonge vya propranolol vya kumeza kila siku. Nirudi misheni kuchomwa sindano mpaka mishipa yote ifunge. Aspirini nisiguse. Pombe, hata tone moja, hapana.

Kwenye benchi la kliniki nilizoeana na mama mmoja wa Ndhiwa. Ugonjwa wetu ni mmoja, na yeye hajaonja pombe maishani. Ini lake liliharibiwa na homa ya ini ya zamani. Alikuwa akinitania, "Wewe ulikunywa, mimi ndiye nikalewa?" Tunacheka mpaka sista anatunyamazisha.

Miezi minne sikuona damu. Lakini dawa ile inapunguza mwendo wa moyo, nikawa mzito, mvivu. Nikaanza kujiambia, mimi mzima, hivi vidonge ndivyo vinavyoniumiza. Ndipo kukawa na mkutano wa maombi Rongo. Nikamweleza mhubiri ugonjwa wangu na vidonge ninavyotembea navyo, akaniombea, nikahisi joto mwilini. Akanipa kipaza sauti. "Umepona au hujapona?"

"Nimepona!"

"Basi hizo dawa mfukoni ni za nani?"

Watu wakacheka. Nikaenda chooni, umati ukinifuata kwa nyimbo, nikavimwaga vidonge vyote. Kisha nikapanda jukwaani nikashuhudia karibu robo saa. Mdomo ninao, mnajua.

Nikaenda kisiwani Remba kununua omena, dagaa wa ziwani, na misheni sikurudi. Wiki ya tatu choo changu kikawa cheusi kama lami. Nikanyamaza. Mtu aliyeshuhudia atasema nini? Siku ya pili nikatapika damu ufuoni, juu ya omena za watu. Walinivusha kwa mtumbwi wa injini hadi Mbita, nikafika Homa Bay sijitambui.

Nilipopata nafuu nikaenda kliniki, nikamtafuta yule mama. Nikamkuta mume wake, aliyezoea kumsindikiza, yuko peke yake, ameshika kadi ya mkewe. "Jaduong', mzee wangu, mama yuko wapi?"

"Wewe ni yule wa Rongo. Tulikuwa pale. Ulizungumza vizuri sana siku ile." Akaikunja kadi. "Tulipofika nyumbani akaniambia, kama yule mwenzangu amepona, mimi ni nani nisipone? Naye akatupa zake. Tulimzika Jumamosi. Nimekuja kumwambia sista asimngoje."

Ndugu zangu, nawaambia, damu yote niliyotapika haikuniuma kama maneno hayo.

Ninamkasirikia mhubiri aliyeniuliza swali lile, naye hajawahi kubeba karai lililojaa damu ya mgonjwa. Ninaukasirikia umati ulioniimbia mpaka mlango wa choo. Lakini kipaza sauti nilikishika mimi. Nilisema nimepona, na hakuna daktari aliyekuwa ameniambia hivyo.

Sikatai maombi. Naomba kila asubuhi, kisha nameza kidonge. Nilirudi misheni mara nne mpaka daktari akasema mishipa imefunga, na bado naenda kutazamwa, maana huweza kuota tena. Huu ni mwaka wa tatu bila damu. Kwenye matanga ya mjomba nilikataa mrija, wakasema najivuna. Na waseme.

Namshukuru dada yangu. Namshukuru sista, aliyenigombeza mpaka nikalia, kisha akanifungulia kadi mpya. Namshukuru yule jaduong' wa Ndhiwa. Nilikwenda kwake kuomba msamaha. Hakusema amenisamehe, lakini alinipa kiti.

Somo langu ni hili: kukaa bila maumivu si kupona. Anayekuambia uache dawa, mwambie akupeleke yeye mwenyewe kwa daktari, akaseme hayo mbele yake.

Najua humu ndani kuna mtu aliyeacha dawa zake. Simtaji, wala simtazami. Kliniki ni Alhamisi. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama barabarani hapo nje. Usije kunieleza jinsi unavyojisikia vizuri. Njoo twende.