Jenerali Courtadon na Jina Alilodhani Amelitaja

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya mama yetu Odile na familia nzima, mimi Solange, binti yake wa kwanza, nawasomea maisha ya baba yetu, Jenerali Anselme Courtadon.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1882 hapa Vernassol, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma shule ya kijiji, kisha chuo cha maafisa cha Saint-Cyr, akahitimu mwaka 1904, akajeruhiwa bega vitani huko Verdun, na akastaafu Agosti 1940, baada ya nchi yetu kushindwa na Wajerumani, akiwa na hasira iliyomnyima usingizi. Alifunga ndoa na mama tarehe 22 Aprili 1911, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Étienne.

Desemba 1942, Wajerumani walipofika huku kwetu, alijiunga na wapiganaji wa siri, chini ya Barnabé Lacaze, tarishi wetu wa posta, na mama alipomuuliza, "Jenerali mzima unaamriwa na tarishi?" alijibu, "Njia za milimani anazijua yeye, mimi najua saluti tu."

Tarehe 3 Machi 1944 alikamatwa, kesho yake akapigwa hadi akazimia, alipozinduka akaambiwa Lacaze naye yumo ndani, na hakujua kama ni yeye mwenyewe aliyemtaja wakati akipigwa. Lacaze alipigwa risasi. Baba alikombolewa Agosti, akapewa nishani, akaifungia kabatini, na kwa miaka kumi na tano hakukanyaga posta, wala hakumtazama usoni mjane wa Lacaze.

Mei mwaka huu ugonjwa wa mapafu ulimlaza. Tarehe 27 Septemba mjane huyo alikuja na nakala ya daftari la gereza, akaketi kando ya kitanda, akamwambia, "Anselme, mume wangu aliingizwa alfajiri ya tarehe nne, wewe walianza kukuhoji jioni yake. Hukumtaja. Si ungeniuliza tu, jamani, miaka yote hii?"

Baba alilia mbele yetu sote, kisha akaomba supu, akamaliza bakuli mbili. Alifariki tarehe 6 Oktoba 1959, saa kumi jioni, usingizini, uso umekunjuka.

Tunamshukuru Daktari Peyrac, masista waliomuuguza, majirani, na wapiganaji wenzake. Nawe Madam Lacaze, usikae huko nyuma, njoo huku mbele, ukae na sisi wafiwa.

Baba, lala salama.